Kupatana na Jirani Mliyegombana Naye: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Anayeishi Mombasa

Wengi huenda kuomba radhi wakarudi na ugomvi wa pili. Mtu ametoka ibadani Jumapili, mahubiri yamemlainisha moyo, anabisha mlango wa jirani saa saba mchana na kusema, "Kama nilikukosea, nisamehe." Dakika tano baadaye ploti nzima iko nje inasikiliza. Wiki inayofuata atawaambia wenzake kanisani kwamba alijaribu, ila jirani yule ni mtu wa shari.

Huenda ni wa shari kweli. Lakini mara nyingi kilichoharibu ni mpangilio: deni halijalipwa, habari zimeshazagaa, saa si ya kuendea mtu, na neno la kwanza ni la kujitetea. Paulo aliwaandikia Warumi, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (12:18). Mwongozo huu unashughulika na upande wako peke yake, mpaka uishe. Wa mwenzako ataufanya mwenyewe, au hataufanya.

Umeandikwa kwa magomvi ya kawaida ya mtaani: maji, tokeni za stima, watoto, kelele, pesa za chama, maneno ya kupita.

Usiufuate hata kidogo ikiwa mtu huyo anakupiga, anatishia kukuua, au anamdhuru mtoto. Hapo hakuna cha kwenda peke yako kumwona. Nenda kituo cha polisi, au piga 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa mambo ya watoto. Simu zote mbili ni za bure. Mchungaji anayekurudisha kwa mtu anayekupiga, akisema ndiyo amani ya Kristo, anakosea.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii: kilichoandikwa humo huvuja kirahisi, na ubaya wa kuvuja utauona hatua ya tatu.
- Biblia. Mathayo 5 na 18, Warumi 12 na Mwanzo 26 hadi 33 zinatosha.
- Pesa taslimu au salio la M-Pesa, ikiwa kuna unachodaiwa, hata kama unadhani hukidaiwi sawasawa.
- Mtu mmoja wa kukuombea, asiyeishi mtaa wenu. Ukiwa Mikindani, mtafute wa Likoni. Hahitaji kujua jina la uliyegombana naye.
- Wiki mbili. Ukitaka yaishe leo jioni, utaharibu.

## Hatua ya 1: Andika makosa yako kwanza

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika uliyotenda wewe, wa kulia aliyotenda yeye. Anza na wa kushoto, na usiuguse wa kulia mpaka wa kushoto uwe na angalau mambo mawili.

Andika matendo, si tabia. "Nilimwita mchawi mbele ya watoto wake" ni tendo. "Nilikasirika kidogo" si kitu. Kwa upande wake vilevile: "alifunga mita ya maji Jumamosi tukiwa na nguo kwenye karai" linafaa, ilhali "ana roho mbaya" halikupeleki popote, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuombwa arekebishe roho mbaya kabla ya Ijumaa.

Sababu ya kuanza na upande wako ni Mathayo 5:23-24. Anayeambiwa aiache sadaka madhabahuni akapatane si yule aliyekosewa, ni yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Sisi husoma kifungu hicho tukimngoja mwenzetu ndiye aiache sadaka yake.

Ukiona safu ya kushoto imekuaibisha kiasi kwamba hutaki mtu aione, hatua hii imekamilika. Ikiwa safu yako ina maneno manne na ya mwenzako imejaza kurasa mbili, funga daftari urudi kesho.

## Hatua ya 2: Amua kama kuna la kwenda kusema

Si kila jambo linaendewa. Mithali 19:11 inasema, "Busara ya mtu huahirisha hasira yake, nayo ni fahari yake kusamehe makosa." Mtoto wa jirani kumwaga mchanga mlangoni pako mara moja, hilo lifagie. Ukiita kikao kwa kila mchanga utakuwa wewe ndiye taabu ya ploti.

Jiulize kama jambo lenyewe linajirudia, kama limekata salamu kati yenu, na kama kuna pesa au jina la mtu lililoharibiwa. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, linahitaji kuendewa. Yasipokuwapo yote matatu, lisamehe ulipo, na ulisamehe kimya. Kumwendea mtu kumwambia "nimekusamehe" kwa kosa asilojua amelifanya ni kumpiga kofi la pili kwa mkono wa kidini.

## Hatua ya 3: Ziba mianya

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na waumini tunaongoza.

Mathayo 18:15 inasema uende kwake "wewe na yeye peke yenu". Sisi huanzia kwingine. Tunaanza kwenye jumuiya ndogo ndogo au seli ya Jumatano, kwa jina la ombi la maombi: "Mniombee, kuna mama mmoja ploti yetu, sitaki kumtaja, yule wa chumba cha mwisho." Kufikia Alhamisi mama wa chumba cha mwisho ameshaambiwa, tena na chumvi juu yake. Ukienda kwake Jumamosi, hakuoni wewe. Anaona jumuiya nzima imekaa kibarazani pake.

Basi kabla ya kwenda:

Acha kulisema. Uliyekwisha kumwambia, mrudie umwambie, "Lile jambo nalishughulikia, naomba lisiendelee." Futa "status" ya WhatsApp yenye kijembe. Usiandike kwenye kundi la wapangaji.

Kina mama wa Pwani, la leso mnalijua. Leso ina jina, na jina linaweza kumsema mtu kutoka kamba ya nguo hadi mlango wa pili bila wewe kufungua kinywa. Ikiwa umeianika leso ya vijembe ikimtazama mwenzako, iondoe wiki hizi mbili. Usijifanye ni nguo tu.

Na yale maombi ya kesha ya kumwangusha adui, yenye jina la ploti ndani yake, yaache. Warumi 12:14 inakutaka ubariki, wala usilaani. Kuta za vyumba vyetu ni nyembamba. Jirani husikia anapoombewa aanguke.

Utajua umefaulu siku mtu wa tatu atakapokuuliza, "Na yule mwenzako vipi?" ukaweza kujibu "Mzima" na kuhamia habari nyingine.

## Hatua ya 4: Lipa kabla ya kuomba radhi

Ikiwa kuna pesa, mtungi uliovunjika, sufuria isiyorudi, au fungu lako la tokeni ulilokwepa, lipa kwanza. Msamaha unaoombwa juu ya deni lisilolipwa humweka mwenzako pabaya: akikubali, amepoteza haki yake; akikataa, anaonekana mkatili.

Biblia ina vipimo. Walawi 6:5 inataka kilichochukuliwa kirudishwe kizima, na kuongezwa sehemu ya tano. Ulichukua shilingi 3,000, unarudisha 3,600. Zakayo alipita hapo, akaahidi mara nne kwa aliowadhulumu (Luka 19:8). Sikuambii ni sheria juu ya mpangaji wa Kisauni leo, lakini ile ziada ina kazi yake. Inasema ulijua kwamba alikaa bila pesa zake na ikamuuma.

Huna zote? Peleka sehemu, pamoja na tarehe ya zilizobaki, na tarehe hiyo iwe ya kweli. Ahadi ya "mwisho wa mwezi" isiyo na mwezi ni ugomvi mpya umeupanda mwenyewe.

Tuma kwa M-Pesa kama kumpa mkononi kutamwaibisha, kwa kuwa ujumbe wa M-Pesa unabaki kama ushahidi kwenu nyote wawili. Na zawadi usiihesabu kuwa malipo. Keki ya shilingi 800 hailipi deni la 3,000, hata ikiwa na jina lake juu kwa sukari.

## Hatua ya 5: Omba nafasi, na uchague saa

Usimvamie. Mtumie ujumbe mfupi, au mwambie mkipishana: "Masalkheri mama Fulani. Nina neno langu la kukuomba, si la kulaumu. Kesho au keshokutwa ni saa ngapi unakuwa na nafasi?" Basi. Usieleze zaidi. Ujumbe mrefu wa maandishi husomwa kwa sauti ya ugomvi wa mwisho, na utapigwa picha upelekwe kwingine.

Mtu anayerudi kutoka kazi ya bandarini zamu ya usiku, au aliyeshuka feri ya Likoni baada ya kusimama juani, hana masikio. Mpe ale, aoge, akae.

Kama jirani ni Mwislamu, na katika mitaa yetu mingi ndivyo ilivyo, jua ratiba ya nyumba yake kama anavyojua ya kwako. Ijumaa adhuhuri ni ya msikitini. Karibu na magharibi, saa kumi na mbili hadi saa moja, pia si wakati. Mwezi wa Ramadhani usiende alasiri: nyumba iko jikoni, watu wana njaa na kiu, na ukibisha hodi kwenye futari atalazimika kukukaribisha hata kama roho haitaki. Asubuhi ni bora zaidi. Au ngoja Idd ipite, kwa kuwa siku zile milango iko wazi na mikono inapeana bila taabu.

Jambo moja la adabu ambalo "peke yenu" ya Mathayo haikulitaja kwa kuwa kila mtu wakati ule alilijua. Mwanamume asiingie chumbani kwa mwanamke aliye peke yake, wala kinyume chake. Kaeni barazani, au uwanjani mbele ya mlango ulio wazi, mnapoonekana na hamsikiki. Au nenda na mkeo, ambaye ameelezwa mapema kwamba kazi yake ni kunyamaza.

Akikwambia hana nafasi, jibu "Hakuna neno, nitauliza tena wiki ijayo," na ufanye hivyo hivyo. Akikataa mara ya tatu, ruka uende hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kabla ya kutoka, soma safu ya kushoto mara moja na uiache nyumbani pamoja na daftari. Biblia iache pia, hasa kama unakwenda kwa mtu wa dini nyingine. Ukiingia na Biblia kwapani utaonekana umekuja kuhubiri au kuapisha. Zima simu.

Hodi na salamu. Simama kando ya mlango, si katikati ukichungulia. "Hodi." Ngoja. Ukikaribishwa, vua viatu. Salimia kikamilifu, uliza wazee, uliza watoto, uliza homa ya yule mdogo kama ulisikia anaumwa. Watu wenye haraka huona salamu ndefu ni kupoteza wakati, kumbe hapo ndipo mwenzako anapokupima umekuja na uso gani. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kama ndiye aliyekutukana.

Beba kitu kidogo ukitaka: tende, maembe, mahamri uliyonunua kwa mtu anayemjua. Usipike nyumbani ukampelekea ikiwa kuna shaka yoyote ya halali. Yakobo alimtangulizia Esau wanyama zaidi ya 500 kabla ya kuonana naye (Mwanzo 32). Wewe pakiti ya tende inakutosha.

Maneno ya kwanza. Yaseme mapema, kabla chai haijaletwa. Yanakwenda hivi:

"Nimekuja kwa kosa langu. Siku ile ya maji nilikuita mchawi mbele ya wanao. Lilikuwa neno baya, na la uongo. Lilikuaibisha, na watoto walisikia. Nakuomba radhi."

Tazama kilichomo: tendo lenyewe kwa jina lake, kukiri kwamba lilikuwa baya, kutaja lilivyomuumiza, na ombi. Sasa tazama kisichokuwamo. Hakuna "kama nilikukosea", kwa kuwa ukiweka "kama" unamtaka athibitishe kosa kwanza, naye atalithibitisha kwa kelele. Hakuna "lakini na wewe". Hakuna "shetani alinipitia", maana shetani hakuwapo kwenye mfereji, ulikuwepo wewe. Hakuna "Mungu ameniambia nije," neno linalomfanya Mungu shahidi wako na kumfunga mwenzako mikono.

Fanya mazoezi ya maneno hayo kwa sauti mara kadhaa, peke yako. Utaona jinsi "lakini" inavyotaka kuchomoza kila mara.

Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko kuomba radhi kwenyewe. Atasema yake. Huenda akaanza tangu mlipohamia, akataja mambo usiyoyakumbuka, akaongeza mawili ya uongo. Usisahihishe. Usiseme "hapana, siku ile ilikuwa Jumanne." Itikia, tikisa kichwa, na akimaliza sema ulichosikia: "Kumbe liliendelea kukuuma tangu lile la mwaka jana. Sikujua."

Akipaza sauti, shusha ya kwako. Mithali 15:1 ni maarifa ya kila siku: jawabu la upole hugeuza hasira. Na huwa kweli kwa sababu moja nyepesi: ni vigumu mtu kuendelea kupiga kelele peke yake. Akitukana, sema, "Nimekusikia. Naona leo bado ni mapema. Nitarudi ukiniruhusu," uage, utoke. Usijibu hata tusi moja. Moja likitoka, wiki mbili zako zimekwenda.

Usimlazimishe aseme "nimekusamehe". Wapo watakaosema papo hapo. Wapo watakaosema "tutaona". Wengine hawatasema kabisa, watakuletea chai, na hiyo chai ndiyo jibu. Inywe.

Mafanikio ya siku hii si kukumbatiana. Umetaja kosa lako bila kujitetea, umesikiliza mpaka mwisho, na umeondoka bila neno jipya baya. Yakipatikana haya, umemaliza upande wako, hata kama mlango ulifungwa kwa kishindo.

Na vile vile, mkono mnaopeana kanisani wakati wa kutakiana amani hauhesabiki kuwa hatua hii. Nimeona watu wakipeana ule mkono wakitazama dari.

## Hatua ya 7: Lako moja, kisha makubaliano

Kama amepoa, na si kabla, unaweza kutaja jambo moja kutoka safu ya kulia. Moja tu, lile linalojirudia. Liseme kama ombi la kesho badala ya shtaka la jana: "Ningeomba ukifunga mita tuambiane asubuhi, nichote mapema." Ukileta orodha, atahisi radhi yako ilikuwa chambo.

Kisha mkubaliane kwa vitu vinavyopimika. Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Baricho na Mzima, na mfereji ukikauka siku tatu hata watu wema huwa wakali. Kwa hiyo "tuelewane kuhusu maji" haitoshi. Kila chumba mitungi mingapi siku ya zamu? Nani anashika ufunguo? Tokeni inanunuliwa tarehe gani, kila mmoja shilingi ngapi, na mwenye friji anaongeza ngapi?

Kwa kelele, sema saa. Wakristo hapa tuna la kujibu, kwa sababu spika za kesha huingia vyumbani mwa watu wasioomba nasi. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu kelele, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinauhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinavyoruhusiwa maeneo ya makazi usiku ni vya chini kuliko ambavyo spika yoyote ya kanisa inaweza kukaa. Geuza spika zitazame ndani, au ombeni bila spika. Kanisa linalolalamikia la wengine huku lake likivunja usingizi wa mtaa halina mdomo wa kusemea.

Andikeni makubaliano kwenye karatasi moja, hata mistari mitatu. Mkiwa mmepatana mtaona haina haja. Itakuja kuwa na haja.

## Hatua ya 8: Ikigoma

Mathayo 18:16 inaruhusu kuongeza mtu mmoja au wawili. Ni wasuluhishi, si jeshi. Chagua anayeheshimiwa na mwenzako kuliko anavyokupenda wewe. Kama nyote mko kanisa moja, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya anafaa, na baada yake mchungaji au padri.

Kama mwenzako ni Mwislamu, neno la aya inayofuata, "liambie kanisa", halimhusu. Ukimpelekea mchungaji wako umempelekea wakili wako. Nendeni kwa mzee wa mtaa anayejulikana na pande zote, au mwombe yeye mwenyewe amtaje mtu anayemwamini, awe imamu wa msikiti wake au mjomba wake. Kwa magomvi yanayogusa dini zenyewe, baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, Coast Interfaith Council of Clerics (CICC), limekuwa likiwakalisha pamoja viongozi wa imani mbalimbali kwa miaka mingi. Mchungaji wako anaweza kulifikia. Mahakama ya Kadhi usiipeleke kesi ya ploti: Katiba inaipa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena pande zote zikiwa za Kiislamu.

Baada ya hapo kuna Nyumba Kumi, kisha ofisi ya chifu. Chifu atawaita na kuwasikiliza, na mara nyingi hilo linatosha.

Deni kubwa linalokataliwa lina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inalenga kumaliza kesi ndani ya siku 60. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kushtakiana ndugu kwa ndugu (1 Wakorintho 6), na wako wanaolisoma karipio hilo kana kwamba aliyedhulumiwa ndiye mkosaji. Kwa maoni yangu, kanisa lililoshindwa kumlazimisha muumini wake alipe deni halina haki ya kumzuia mdai asiende mahakamani. Nenda, ila nenda bila matusi, na umsalimie mkikutana koridoni.

## Hatua ya 9: Wiki za baadaye

Salimia wewe kwanza, kila siku, hata asipoitikia. Kwa sauti ya kawaida. Usimwimbie salamu ili ploti isikie.

Sahani yake ikija na pilau ya Idd, usiirudishe tupu, na Krismasi ikifika mpelekee ya kwako. Watoto waache wacheze. Wao walishapatana siku ile ile.

Usichanganye kusamehe na kuamini. Unaweza kumsamehe aliyekula pesa za chama na bado usimpe tena daftari la mweka hazina. Kuaminika kunarudi polepole, kwa mtu kushika ndogo kabla ya kubwa, na hakuna aya inayokulazimisha uharakishe.

Likizuka tena, rudi hatua ya 1 ukiwa na ukurasa mpya. La zamani usilihamishie humo.

## Ikiwa lazima uhame

Kuna nyumba ambazo amani haiwezekani humo, na "kama yamkini" ya Paulo inalijua hilo. Isaka alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakadai maji ni yao. Akachimba kingine, wakagombana tena. Akaondoka, akachimba cha tatu mbali kidogo, na juu ya hicho hawakugombana (Mwanzo 26). Na Yakobo na Esau, baada ya kulia shingoni mwa kila mmoja, hawakuhamia pamoja: Esau alishika njia ya Seiri, Yakobo akaenda Sukothi.

Ukihama, hama ukiwa umemaliza. Mpe mwenye nyumba notisi kwa maandishi. Lipa kodi na fungu lako la tokeni hadi siku ya mwisho. Rudisha ufunguo wa mita mkononi mwa anayefuata zamu, mbele ya mtu. Mpangaji anayechukua chumba chako akikuuliza majirani wakoje, mweleze siku za maji na mahali pa kuanika nguo. Mengine atayaona mwenyewe.